Mara tatu gizani: kisa cha bibi mmoja wa West Nile aliyekuwa akianguka nyumbani

Usuli

Kisa hiki kinamhusu mwanamke mzee anayeishi katika mji mmoja wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Jina lake, mtaa wake na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha yameondolewa, na familia imeridhia kiandikwe ili wengine wajifunze. Tutamwita Hajati, kama wanavyoitwa wanawake wengi wa rika lake waliokwisha kwenda Makka. Nyumbani kwake Kiswahili, Kinubi na Kilugbara husikika katika ua mmoja, na mazungumzo yetu naye, sisi wahudumu wa afya tuliomtembelea, yote yalikuwa ya Kiswahili.

Kitambulisho chake kinaonyesha miaka 76. Wanawe wanasema amepita 80, na hesabu yao ni kwamba Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962 alikuwa tayari na mtoto mgongoni. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu posho ya wazee ya SAGE, shilingi 25,000 kwa mwezi, kwa kawaida hupewa waliofikisha miaka 80. Hajati hakuwa kwenye orodha, kwa hiyo kila senti ya matibabu yake ilitoka kwa binti anayeuza chai na mandazi sokoni na kwa mwana aliyeko Kampala anayetuma pesa kwa simu.

Nyumba ni ya matofali, bati juu, sakafu ya saruji iliyong'arishwa. Choo cha shimo na bafu la mabati viko nyuma ya nyumba, upande unaoteremka. Kizingiti cha mlango wa nyuma kimeinuliwa makusudi ili maji ya mvua yasiingie ndani. Hajati analala chumba kimoja na mjukuu wa kike anayesoma sekondari.

Ana presha na kisukari vya miaka mingi. Miguu imekufa ganzi, na usiku nyayo zinamwaka moto. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, la kulia likiwa baya zaidi. Dawa alikuwa akizipata sehemu tatu. Kliniki ya presha na kisukari ilimpa nifedipini na bendrofluazidi za presha, metformini na glibenklamidi za kisukari. Kliniki nyingine, alikokwenda kwa sababu ya moto wa nyayo, ilimpa amitriptilini. Duka la dawa la jirani lilimuuzia vidonge vya mafua ambavyo alivimeza kila usiku ili apate usingizi. Zote, isipokuwa metformini ya asubuhi, alizinywa jioni kwa pamoja, kwa sababu ndio wakati bintiye yuko nyumbani kumsomea pakiti.

Yaliyotokea

Anguko la kwanza lilitokea mwezi wa nane, mvua zikiwa zimeshika. Alikuwa akirudi chooni usiku, akajikwaa kwenye kizingiti na kuangukia goti. Hakumwambia mtu. Baadaye sana ndipo alipotueleza kwamba aliogopa kuhamishiwa Kampala, ambako wajukuu huzungumza Kiingereza na Kiganda na yeye hukaa siku nzima bila wa kuongea naye.

La pili lilikuja wiki chache baadaye, saa kumi na moja alfajiri. Binti alikuwa amekwisha kutoka kwenda kuwasha jiko sokoni, na mjukuu alikuwa amelala. Hajati aliamka kutawadha kwa ajili ya swala ya alfajiri, akachukua birika lake la plastiki, akatoka kwa mlango wa nyuma na kuanguka hatua chache kutoka mlangoni. Alilala kwenye matope karibu saa mbili nzima. Aliita, lakini mvua ilikuwa ikipiga bati na sauti haikufika ndani. Mjukuu alipoamka kujiandaa kwenda shule ndipo alipomkuta anatetemeka, paji la uso limechanika, kifundo cha mkono wa kulia kimepinda.

Alipelekwa kutibiwa kwa bodaboda, ameketi kati ya dereva na mjukuu. Jeraha lilishonwa, mkono ukapigwa picha na kufungwa plasta. Akaambiwa aangalie anapokanyaga. Hakuna aliyemuuliza alikuwa akielekea wapi, wala anakunywa dawa gani, wala kama hiyo ndiyo mara ya kwanza.

Familia ilikutana kwa simu usiku uleule, na uamuzi ulitoka Kampala: mama asitoke nje peke yake tena. Ndoo iliwekwa chumbani na kiti kikawekwa karibu na kitanda. Binti akawa anamnawisha na kumletea kila kitu, na mwana akaanza kukusanya pesa za kiti cha magurudumu. Ulikuwa uamuzi wa upendo, na majirani wote waliusifu.

Kilichofuata hakuna aliyekitarajia. Hajati aliionea haya ile ndoo, hasa mjukuu alipokuwa ndani, kwa hiyo akapunguza kunywa. Chai ikawa nusu kikombe na maji akayaacha. Choo kikawa kigumu, kichwa kikazidi kuzunguka. Mapaja yakakonda. Plasta ilipotolewa baada ya wiki sita, hakuweza tena kuinuka kitini bila kuvutwa. Usiku mmoja alijaribu kuifikia ndoo bila kumwamsha mtoto, akaanguka kando ya kitanda. Safari hii hakuvunjika. Lakini mhudumu wa afya wa kijiji, yule tunayemwita VHT, alipopita kwa shughuli ya vyandarua alimkuta sakafuni, akatupigia simu.

Tulichokikuta

Kikosi chetu kilikuwa na daktari, muuguzi na mimi, ambaye kazi yangu ni fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Kabla ya kushika kifaa chochote tulimwomba ruhusa tufike kwake saa ileile aliyoanguka mara ya pili, tumwone anavyoamka na kutoka, nasi tukiwa ubavuni mwake. Mchana nyumba ile haina tatizo la kuonekana kwa macho. Ua umefagiwa, mlango uko wazi, jua linaingia.

Alfajiri mambo yalikuwa mengine. Hajati aliinuka kutoka kitanda kifupi, akapapasa kanga, akaenda mlangoni akishika ukuta. Komeo la juu la mlango wa nyuma lilikuwa limevunjika siku nyingi, limebaki la chini tu, karibu na sakafu. Ilimbidi ainame hadi chini kabisa, alivute kwa mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia ulikuwa bado mgumu, kisha ainuke. Alipoinuka alifumba macho na kuyumba. Katika siku za kawaida, sekunde ileile aliyokuwa akiyumba ndiyo aliyokuwa akiinua mguu kuvuka kizingiti, birika likiwa mkononi, kandambili miguuni, kuingia gizani kwenye mteremko uliolowa. Mambo hayo yote yalikuwa yamekutana mahali pamoja, na hakuna hata moja ambalo lingeonekana saa nne asubuhi.

Vipimo vilithibitisha tulichokiona. Akiwa amelala, presha yake ilikuwa 138 kwa 76. Dakika moja baada ya kusimama ilishuka hadi 112 kwa 66, akasema dunia inamgeuka. Kushuka kwa 20 au zaidi kwa namba ya juu ndani ya dakika tatu za kusimama kunatosha kuitwa tatizo, na yeye alishuka 26. Sukari kabla ya kula ilikuwa chini, milimoli 3.6 kwa lita, ambayo kwa mzee aliyemeza glibenklamidi ni hatari. Ni dawa inayokaa mwilini na kuendelea kushusha sukari hata kama mtu hakula vizuri usiku. Jicho la kulia lilihesabu vidole kwa mita mbili tu. Nyayo hazikuhisi uzi mwembamba wa kupimia ganzi.

Tulimpima pia kwa lile jaribio la kuinuka kitini, kutembea mita tatu, kugeuka, kurudi na kuketi. Mzee anayetumia sekunde 12 au zaidi huhesabiwa yuko katika hatari ya kuanguka. Hajati alitumia 31, na kuinuka tu kulihitaji mikono miwili.

Maamuzi na sababu zake

Dawa zilitangulia. Daktari aliweka pakiti zote za sehemu tatu juu ya mkeka mmoja, jambo ambalo halikuwahi kufanyika. Glibenklamidi ilisimamishwa siku hiyohiyo, kwa kuwa sukari ya chini inaweza kuua kabla ya anguko lolote, na metformini ikaendelea. Bendrofluazidi, ambayo ni dawa ya kukojoza, ilihamishiwa asubuhi. Kuinywa jioni ndiko kulikomwamsha mara tatu au nne kila usiku. Vidonge vya mafua viliachwa, maana vinaleta usingizi mzito na kuchanganya akili za wazee. Amitriptilini ilipunguzwa taratibu hadi ikaisha. Daktari alikataa kubadilisha vyote kwa mpigo: alitaka kila badiliko lipewe muda lionekane limefanya nini, na dawa kama amitriptilini ikikatwa ghafla humsumbua mtumiaji. Familia iliagizwa isipunguze dawa yoyote kwa uamuzi wake yenyewe, hata mama akisema amepona.

Kisha ikaja njia ya kutoka kitandani hadi chooni. Komeo jipya liliwekwa usawa wa kifua. Nje ya kizingiti kilijengwa kidaraja kipana cha saruji, na ukingo wake ukapakwa rangi nyeupe ili jicho lenye ukungu liuone. Taa ya sola ilitundikwa mahali anapoweza kuiwasha bila kuondoka kitandani, kwa sababu umeme hukatika usiku bila taarifa. Nguzo za mkaratusi zilichimbiwa kandokando ya njia, na juu yake ukapigwa mti mrefu uliopigwa randa wa kushikilia. Mteremko ulimwagiwa changarawe.

Mahali pa kutawadhia palitupa kazi kubwa kuliko tulivyodhani. VHT alipendekeza kibuyu chirizi, ile jerikani inayoinamishwa kwa kukanyaga kijiti, kwa kuwa ndicho kinachohimizwa kila boma. Kwa mtu mwingine ni kifaa kizuri sana. Kwa Hajati kingemaanisha kusimama kwa mguu mmoja, gizani, akiwa ameinama. Tukachagua jerikani yenye bomba, ikawekwa juu ya meza fupi, na mbele yake benchi ya mbao yenye mgongo. Sasa anatawadha ameketi, na miguu anaiosha kwa kuinua mmoja mmoja juu ya kigoda. Birika halibebwi tena, hivyo mikono yote miwili iko huru kushika mti. Chooni fundi alitengeneza kiti cha mbao chenye tundu, kinachowekwa juu ya shimo na kuondolewa.

Mazoezi tuliyapanga kufuata swala. Tangu anguko la pili Hajati alikuwa akiswali amelala, na hilo lilimuumiza moyo kuliko mkono wake. Binti alimwita imamu wa mtaa, naye imamu akamweleza Hajati kwamba sheria inamruhusu mgonjwa kuswali ameketi, na kwamba akipata nguvu ya kusimama baadhi ya nyakati asimame. Basi kabla ya kila swala, mara tano kwa siku, aliinuka kitini kadiri alivyoweza, mwanzoni akishika meza, kisha akanyanyua visigino na kusimama mguu mmoja mbele ya mwingine ukutani. Mazoezi ya namna hii, ya nguvu za miguu na mizani, yana ushahidi mzuri. Programu ya Otago iliyoanzia New Zealand miaka ya 1990 imepunguza maanguko ya wazee kwa takriban theluthi moja. Tulichoongeza sisi ni saa tu. Hajati hakuwahi kusahau swala, kwa hiyo hakusahau mazoezi.

Tulimfundisha pia namna ya kuinuka kutoka chini: ageuke ubavu, ajikusanye kwa magoti, aushike mti au kiti. Shingoni akavishwa firimbi, na mjukuu akaahidi kwamba ikilia, hata mvua ikinyesha, ataamka.

Uamuzi uliozua ubishi ni ule wa kiti cha magurudumu. Mwana wa Kampala alipiga simu akiwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya mtoto anayeogopa kumpoteza mama. Alituuliza, "Nyinyi mnataka atembee, akivunjika nyonga nani atajibu?" Hofu yake ilikuwa na msingi, kwani si wazee wachache waliovunjika nyonga ambao hawamalizi mwaka. Tulimweleza kwamba mama yake alikuwa ameanguka akiwa amefichwa chumbani, na kwamba miguu yake ilidhoofika palepale kitini. Hakushawishika kwa maneno hayo. Kilichomgeuza ni video aliyopigwa Hajati na mjukuu, akiinuka kitini peke yake, polepole, midomo ikihesabu. Pesa za kiti zikaenda kwenye upasuaji wa jicho la kulia.

Matokeo

Miezi sita baadaye presha yake inashuka kwa 10 tu anaposimama, naye hasikii kizunguzungu. Sukari ya asubuhi iko kati ya 7 na 8, ambayo kwa umri wake daktari anaipenda kuliko ya chini. Usiku anaamka mara moja. Anainuka kitini mara tano mfululizo bila mikono. Jaribio la mita tatu limefika sekunde 19, bado juu ya 12, na tulimwambia hivyo waziwazi ili familia isiondoe taa wala mti. Jicho la kulia limefanyiwa upasuaji, na amemtambua jirani aliyekuwa akimjua kwa sauti tu.

Nyumbani ameteleza mara moja, akaushika mti, akabaki amesimama. Anguko moja limetokea, nalo lilikuwa msibani, mtaa wa tatu, kwenye choo cha watu kisicho na cha kushikilia. Alipata mchubuko wa kiwiko. Alipiga firimbi na wanawake wakamjia.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni kuifuata njia yake kwa saa yake. Kama tungekuja mchana tungeshauri viatu na taa, tukaondoka, na komeo lingebaki pale chini. Hajati mwenyewe, akiulizwa nini kimemsaidia, hutaja komeo kabla ya daktari. Nadhani yuko sahihi kwa nusu: bila kupunguza dawa, angeyumba hata kwa komeo la juu. Vitu hivi viwili vilikuwa vikisaidiana kumwangusha, na kimoja kikiondolewa peke yake kingeacha kingine kazini.

Nimeona ndugu wengi wakifanya alichofanya mwana wa Hajati, na nasema kwa uchungu kwamba ndicho kilichomdhuru zaidi katika kisa hiki, kuliko hata anguko la pili. Mkono ulipona kwa wiki sita. Nguvu za mapaja zilizopotea katika wiki hizohizo zimechukua miezi kurudi, na hazijarudi zote. Mzee anayekatazwa kutembea huanza pia kukataa maji, na akikosa maji presha inashuka zaidi anaposimama, hivyo siku atakapoinuka, na lazima ataamka siku moja usiku, ataanguka kwa urahisi kuliko alipokuwa akitembea. Ndoo chumbani inaweza kumfaa mtu kwa usiku wa mvua kubwa. Ikiwa ndiyo maisha yake yote, muulize kama bado anakunywa chai.

Pale alipopelekwa kushonwa paji la uso palikuwa na nafasi ambayo haikutumika. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 684,000 kila mwaka duniani vitokanavyo na kuanguka, zaidi ya asilimia 80 vikiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika vifo vya ajali ni barabara pekee zinazoizidi idadi hiyo. Kwa kawaida familia hii ilimkataza Hajati kupanda bodaboda kwa hofu ya ajali, lakini hakuna mhudumu aliyewaambia kwamba ua wao nao ni wa kuogopwa. Maswali matatu kwenye benchi la kushonea yangetosha: ulikuwa unakwenda wapi, saa ngapi, na umeshaanguka mara ngapi mwaka huu? La tatu lingefichua goti la mwezi wa nane, kama angeulizwa bila kutishwa kwamba atahamishwa.

Kuna yaliyokwenda mrama katika kazi yenyewe. Mshikio wa chooni ulipigiliwa kwanza kwenye ukuta wa udongo, ukang'oka ndani ya wiki moja. Bahati njema mjukuu ndiye aliyekuwa akiuvuta kuujaribu. Fundi alirudi, akachimbia nguzo mbili kwa saruji. Mshikio unaong'oka ni mbaya kuliko kutokuwa nao, kwa kuwa mzee ameuegemeza mwili wote. Fimbo aliyochongewa na shemeji ilikuwa ndefu, ikimwinua bega. Ilikatwa hadi usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono akiwa amesimama mikono chini. Viatu vya kufunika havikudumu. Mtu anayetawadha mara tano hawezi kuvivua na kuvifunga kila mara, akarudia kandambili. Makubazi laini yenye kamba ya nyuma ndiyo yaliyokubalika, na mjukuu hukagua nyayo kila jioni kwa ajili ya vidonda ambavyo bibi hawezi kuvihisi.

Msiba ule ulituonyesha mpaka wa kazi yetu. Tulijenga usalama ndani ya ua mmoja, na maisha ya Hajati hayaishii uani. Ana harusi, maziko, na darasa la wanawake kila Ijumaa. Sasa hatoki bila mtu wa kumsindikiza hadi mlango wa choo, na mjukuu wa pili, wa miaka tisa, ndiye aliyepewa kazi hiyo. Msikiti wa mtaa umekubali kuweka benchi na mshikio mahali pa wanawake pa kutawadhia, na mbao zimeshanunuliwa.

Jicho la kushoto bado linasubiri pesa. Familia imepeleka ombi la kurekebisha mwaka wa kuzaliwa kwenye kitambulisho, pamoja na barua ya mwenyekiti wa mtaa na ushahidi wa wazee wawili wanaokumbuka harusi yake, na jibu halijarudi.